Adapta Iliyotengwa

Jina lake nalijua, lake na la baba yake, na hapa silitaji. Nitamwita kama tulivyomwita sote kanisani kwetu hapa Tabora: Fundi Mitambo. Mtu akitaja jina lake halisi, wanakwaya walikuwa wanaulizana, "Nani tena huyo?" Useme Fundi Mitambo, hapo ndipo utasikia, "Aaa, yule!" Na hiyo "yule" kila mmoja aliitamka kivyake. Mimi niliitamka huku nimeuma meno.

Niseme mapema kwamba nina hasira, asije mtu akasoma akadhani namsifu. Mimi ni fundi cherehani wa Isevya. Nashona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, chochote kitakacholetwa kibarazani kwangu. Jumapili nilikuwa napiga gitaa la besi. Mwanamke mtu mzima, na watoto wake, kavaa besi begani mbele ya madhabahu! Watu waligeuza shingo mpaka zikauma. Nililipigania lile gitaa, nikajifunza kwa kuviziavizia, nikalipata. Halafu yule mzee akanitoa kwa sentensi moja, na kanisa zima likamwitikia.

Alikuwa mfupi wa kifua kipana, shati lake lina mifuko kila upande. Mfuko huu bisibisi, ule tepu nyeusi, mwingine karanga za kukaanga ambazo alizitafuna wakati wa mahubiri bila wasiwasi wowote. Nyaya zake zote alizifunga kwa vipande vya vitambaa, na vitambaa alivitoa kwangu. Alikuwa anapita kibarazani Jumamosi asubuhi. "Mwanangu, kuna mabaki?" Namwambia, "Shikamoo kwanza, Fundi." "Marahaba, marahaba. Kuna mabaki?" Nampa vipande vya khanga, vya sare, vya satini. Kwa hiyo mitambo ya kanisa ilifungwa kwa nguo nilizoshona mimi, na hilo nitalirudia.

Betri ndogo aliipima kwa ulimi. Anaigusisha, anakunja uso, anasema, "Hii bado ina chumvi," au, "Hii maji matupu." Vijana wenye vipimo vya kidijitali walicheka, lakini betri zake hazikuwahi kukata katikati ya ibada.

Kabla ya ibada alipima maikrofoni, na hapo ndipo palikuwa na kituko chake kikubwa. Watu wote duniani husema moja, mbili, moja, mbili. Yeye alisema, "Moja." Anakaa. "Moja." Anasogeza kitufe. "Moja." Basi. Siku moja mwalimu wa kwaya alimuuliza, "Fundi, mbili iko wapi?" Akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mbili ni ya asiye na uhakika," akasema, akaendelea kuviringisha waya wake kwenye kiwiko.

Ndivyo alivyokuwa katika kila jambo. Sijawahi kumsikia akisema amekosea, na nimemjua miaka na miaka. Spika ikikata katikati ya mahubiri, yeye alimtazama mchungaji. "Ameshika maiki vibaya." Sauti ikipiga mluzi, ni bati la kanisa. Mvua ikinyesha kukawa na shoti, ni mafundi wa zamani walioacha nyaya ndani ya ukuta, wengi wao marehemu, wasioweza kujitetea. Aka! Mtu huyo alikuwa na majibu.

Lakini ngoja niseme na haya mengine, maana yalimpa nguvu ya kunifanyia alichonifanyia.

Tulikwenda Kigwa kwa treni, kwaya nzima, kwenye tamasha la makwaya. Tumepanga mstari, wageni wameketi, umeme ukakatika. Watu wakaguna, akina mama wakaanza kukunja mikeka. Fundi Mitambo alitoka akarudi na betri ya trekta begani, ameiazima kwa mtu asiyemjua, asidi inamchuruzikia kwenye shati lake jipya. Akaunganisha, akasema "moja" yake, tukaimba mpaka jua likaelekea kuzama. Lile shati lilibaki na matundu mgongoni. Nilimwambia alilete nilitie kiraka. Akakataa kabisa. "Haya matundu ndiyo nishani yangu," akasema, na akaendelea kulivaa kanisani kila sikukuu.

Na misiba! Hakuna nyumba ya muumini iliyofiwa ambayo hakupeleka spika. Alifika kabla ya turubai, akaondoka baada ya masufuria. Hakutaka kitu, chai ya asali tu. Alipokufa mama yangu alikaa kwetu siku zote za matanga, na aliposikia kaka yangu anashindwa kusoma wasifu kwa kilio, alipunguza sauti taratibu ili ule mlio wa koo usisambae mtaa mzima. Sikusahau hilo. Mtu aliyekufanyia hivyo, ukija kumkasirikia, hasira zinakukwama katikati ya kifua.

Sasa tuje kwenye pedali zangu.

Pedali ni vijisanduku vya chuma vinavyokaa sakafuni, unavikanyaga kwa mguu, gitaa linabadilika sauti. Nilikuwa navyo vinne. Kimoja kinaibana sauti isiruke ovyo, kingine kinashusha noti chini mpaka benchi zinatetemeka, kingine kinaikwaruza kidogo, na cha mwisho ni cha kupimia nyuzi ninapozikaza. Mdogo wangu wa Dar es Salaam alinitafutia kimoja kimoja, mitumba lakini mizima. Vyote vinataka volti tisa. Nikampelekea Fundi Mitambo, kwa heshima, nikamwambia, "Fundi, nitafutie adapta ya hivi vitu."

Hakutafuta. Alitengeneza. Alichukua adapta ya redio ya zamani, akaikata mkia, akaunganisha waya mmoja wenye vichwa vinne, akaufunga kwa kipande cha satini yangu ya bluu. Akauita "sinia".

"Unaona Waswahili tunavyokula?" akaniambia. "Sinia moja, kila mtu na upande wake. Na hizi zitakula hivyo hivyo."

Mimi nilikuwa nimegeuza zile pedali nikasoma migongo yake. Kuna kialama pale kinachoonyesha upande gani wa kichomeo ni chanya na upi ni hasi. Kwenye redio zake zote Fundi Mitambo alizoea moto, yaani chanya, kukaa katikati, hasi nje. Pedali zinataka kinyume chake, hasi ikae katikati. Nikamwonyesha. Akaisogeza pedali mbali na macho, akaisoma, akaguna.

"Wamechora kinyume hawa."

"Fundi, zote nne zimechorwa hivi."

"Basi zote nne wamekosea." Na akachomeka.

Ile ya kukwaruza ilitoa harufu ya plastiki inayoungua, ikazimika, haikuwaka tena mpaka leo. Nikapiga kelele. Yeye akaipima kwa kidole na kusema, bila hata kupepesa jicho, "Hii ilikuwa na ugonjwa wake." Jamani! Na unajua alifanya nini? Jumapili iliyofuata nikaikuta sinia imegeuzwa, hasi katikati, imefungwa upya kwa kitambaa kingine. Alijua. Alikesha nayo akaigeuza, na neno halikumtoka.

Zilizobaki zikawaka. Zikawaka na mngurumo. Nikiwa sijagusa waya hata mmoja, spika inasema *nnnnnn*, kama jokofu la dukani. Ile pedali ya kushusha noti ilikuwa inakula umeme mwingi kuliko wenzake, na uchafu wake wote inautema humo humo kwenye waya wa pamoja, wenzake wanaulamba, spika inautangaza kwa waumini. Nilimwambia, "Fundi, kwenye sinia yako kuna mwenye mkono mrefu." Akasema nikanyage vizuri.

Nikaulizauliza kwa wapigaji wa bendi za mjini, nikampigia mdogo wangu, nikaelewa ninachotaka. Kuna adapta ambayo ndani yake kila mlango una chanzo chake, haugusani na jirani. Unahesabu pedali zako zinakula kiasi gani, unahakikisha ile yenye tamaa ina mlango wenye nguvu ya kuitosha, unahakikisha hasi iko katikati, basi, umemaliza. Uchafu wa mmoja haumfikii mwingine. Si uchawi huo. Lakini kanisani kwetu kitu chochote cha umeme lazima kipite kwenye baraza la wazee, na baraza la wazee kwenye umeme lilimsikiliza mtu mmoja.

Nikasimama mbele yao. Nikajieleza vizuri, nikafika kwenye neno lenyewe. Nikasema, "Kwa hiyo, wazee wangu, naomba ruhusa ya kuleta adapta ambayo milango yake imetengwa."

Mzee mmoja akavua miwani. "Imetengwa kwa kosa gani?"

Kikacheka kikao kizima. Kwetu mtu akitengwa maana yake ameanguka dhambini, hashiriki meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Mimi mwenyewe nilicheka. Nilidhani tutacheka halafu tuendelee.

Fundi Mitambo hakucheka. Aliinuka, akajifunga kifungo cha shati. "Wazee, kanisa hili linafundisha ushirika," akasema. "Leo tuletewe chombo ambacho kila mmoja anajilia peke yake, hataki kumgusa mwenziwe? Hapana. Kwenye mitambo yangu hakuna kitakachotengwa."

Wakapiga makofi. Watu wazima, wenye akili zao, walipigia makofi volti tisa! Nilitoka pale masikio yananiwaka moto. Nikaiagiza ile adapta kwa pesa yangu, mdogo wangu akaituma kwa treni, nikaipokea stesheni nikaikumbatia kama mtoto mchanga.

Jumamosi ya mazoezi niliichomeka bila kumuuliza mtu. Kila pedali mlango wake. Nikawasha. Hakuna kitu. Kimya safi. Dada mmoja wa soprano, aliyekuwa analalamika kila wiki kwamba besi inamharibia noti, akageuka akauliza, "Leo hamjawasha?" Mpiga kinanda akaninyooshea dole gumba. Nilisikia machozi yananilenga.

Fundi Mitambo alikuwa amesimama pale pale pake pa siku zote, bega kwa bega na spika kubwa. Akafumba macho. Akainamisha kichwa.

"Bado linanguruma," akasema.

Tukatazamana. Dada wa soprano akafungua mdomo, akaufunga. Mpiga kinanda akaanza kutafuta kitu sakafuni. Nani ambishie? Huyu, Fundi alimletea spika kwenye msiba wa baba yake; yule alipomzika mwanawe, Fundi alikuwa pale hadi mwisho. Nikawaambia, "Semeni basi! Si mnasikia?" Hakuna aliyesema.

"Kama adapta ni mpya na bado linanguruma," akaendelea Fundi Mitambo kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma, "basi si adapta. Ni mikono. Huyu mwanangu hana mikono ya besi."

Wazee waliniita wakaniambia nipumzike kidogo. Nipumzike! Kama niliumwa. Wakasema kinanda kina besi yake humo humo, mkono wa kushoto wa mpigaji utatosha. Nikarudishwa alto, mstari wa nyuma, na Jumapili baada ya Jumapili nikasikiliza mkono wa kushoto wa mtu ukifanya kazi yangu vibaya. Adapta ilibaki kabatini na milango yake. Aliyetengwa nilikuwa mimi.

Niliamini ananifanyia makusudi. Niliamini kabisa. Niliyakusanya mambo yake yote nikayaona ni kiburi kimoja. Mkewe akimwita toka nje ya kanisa, haitiki mpaka aguswe bega, na akiguswa anasema, "Mke wangu ana sauti ndogo mno," wakati yule mama sauti yake inafika sokoni. Ukimsalimia kwa nyuma, anapita. Baada ya ibada, kanisa tupu, alizunguka akigusa soketi moja moja na kuuliza, "Nani kaacha kitu kinawaka?" Hakuna kilichowaka. Nilidhani anataka tu tujue kanisa ni la nani. Na ule mtindo wake wa kuweka kiganja juu ya spika, nilidhani ni maringo.

Kisha akazeeka, akaacha mitambo, akahamia Kwihara kulima karanga. Vijana wakaingia, mwalimu mpya wa kwaya akaingia. Huyu mwalimu alinisikia siku moja napiga besi nyumbani, akaja mbio kibarazani. "Mama, wewe unafanya nini alto?" Akaenda kwa wazee. Akarudi uso umemshuka. Walisema hawana neno na mimi, ila Fundi Mitambo ndiye aliyesema, basi aseme yeye kwamba mngurumo umekwisha. Mzee yuko Kwihara na karanga zake, bado kauli yake imenikalia shingoni!

Nikapakia bajaji: gitaa, spika ndogo, pedali, adapta. Nikaenda Kwihara mchana kweupe na hasira zangu zote.

Mkewe alikuwa uani anapepeta. Yeye alikuwa sebuleni, kitini. Nyaya zimetundikwa ukutani nyuma yake, na zote bado zimefungwa vitambaa vyangu, ile satini ya bluu imo.

"Shikamoo, Fundi."

Kimya.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba, mwanangu, usinipigie kelele." Akaniona nilivyobeba. "Umekuja na mashitaka yako."

"Nimekuja usikilize. Ukisikia kimya, useme kimya. Basi."

Nikapanga kila kitu sakafuni. Nikawasha. Nikaweka mikono juu kabisa, mbali na nyuzi, kama mtu aliyekamatwa. Nje nilisikia ungo wa mkewe, nikasikia kuku anaparura.

"Inanguruma," akasema. "Ile ile."

Nikachomoa pedali zote. "Sasa?"

"Bado."

Nikazima spika. "Sasa?"

"Punguza basi, mwanangu."

Nikachomoa waya ukutani, nikauvuta wote, nikamfuata pale kitini nikamwekea ile plagi kiganjani. "Sasa, Fundi? Sasa hivi, unasikia nini?"

Akaitazama plagi. Akaitazama taa ya spika, imekufa. Akainama, akaweka kiganja juu ya spika, kama zamani. Akakiondoa. Akaziba masikio kwa mikono miwili, akakaa hivyo, na nikaona uso wake unabadilika pole pole, kwa sababu akiwa ameyaziba bado alikuwa anausikia mngurumo.

"Nani kaacha," akaanza, akanyamaza.

Mkewe alipita mlangoni na ungo, akatutazama, akapita.

"Kumbe si wewe," akasema.

"Si mimi."

"Na siku ile?"

"Hata siku ile, Fundi."

Watu wanadhani hapo hasira huisha. Zangu zilipanda. Nilimfokea mzee wa watu ndani ya nyumba yake. Nikamwambia sina neno na masikio yake, masikio yameharibikia kwenye spika za misiba yetu, Mungu anajua. Neno langu ni moja: kanisa zima lilikuwa limesimama pale, na hakumuuliza hata mtu mmoja, wewe unasikia nini? Hilo tu. Lingemgharimu nini?

Hakujibu majibu yake ya siku zote. Aliviringisha ule waya wangu kwenye kiwiko, taratibu, akatafuta kitambaa cha kuufungia.

"Nitawaambia wazee mngurumo umekwisha," akasema. "Ila hili la masikio, usinitaje jina."

Nilichukua vitu vyangu nikaondoka, wala sikunywa chai.

Jumapili alikuja na bodaboda, amevaa lile shati la matundu. Hakwenda kwa wazee. Alikwenda moja kwa moja mbele, vijana wa mitambo wakampisha, akachukua maikrofoni. Mimi nilikuwa nimesimama na besi begani, pedali miguuni, adapta imewaka, wala hakuna aliyekuwa ameniruhusu.

"Moja," akasema.

Akangoja. Halafu akanigeukia, maikrofoni bado mdomoni, kanisa zima linasikia.

"Wewe unasikia nini?"

"Nasikia sauti yako tu, Fundi. Hakuna kingine."

Akanitazama mdomo nilivyosema, akatikisa kichwa kukubali.

"Mbili," akasema.